Lofti ya dreva: namba ya kwenye fimbo na ile inayoufikia mpira

Geuza dreva yoyote ya gofu, ile fimbo ya kupeleka mpira mbali, utazame chini ya kichwa chake, utakuta namba: 9, 10.5, pengine 12. Hiyo ndiyo lofti, yaani kiasi ambacho uso wa fimbo umelala nyuma kutoka mstari wima, kwa nyuzi. Uso uliosimama huupeleka mpira chini chini, na uliolala huunyanyua. Ukiiacha fimbo ya kusukumia mpira shimoni, dreva ndiyo yenye lofti ndogo kuliko zote begini.

Wengi hununua kwa kuangalia namba hiyo tu, ilhali mpira haukuti namba. Unakuta uso wa fimbo jinsi ulivyo katika sekunde ileile ya kugongana, na uso huo hutegemea mikono iko wapi, mpini umepindaje, na kichwa cha fimbo kinashuka au kinapanda. Chukua wachezaji wawili wenye dreva ileile ya nyuzi 10.5. Wa kwanza anaushukia mpira kwa nyuzi 3, na wakati wa kugonga uso wa fimbo yake una nyuzi 11. Mpira wake utaondoka kwa takriban nyuzi 9, tena ukizunguka sana kinyumenyume, kwa kuwa kati ya uso na njia ya fimbo kuna tofauti ya nyuzi 14. Wa pili anapiga akipanda kwa nyuzi 3, uso ukiwa na nyuzi 14. Wake utaondoka kwa nyuzi 12 na kitu, na mzunguko utapungua, maana tofauti ni nyuzi 11 tu. Fimbo moja, mashuti mawili yasiyofanana hata kidogo.

Jambo la pili ni kasi. Wanaume wa PGA Tour, mashindano ya wachezaji wa kulipwa kule Marekani, huzungusha dreva kwa wastani wa karibu maili 115 kwa saa, na mipira yao huondoka kwa nyuzi 10 au 11. Wanawake wa LPGA, mashindano kama hayo ya wanawake, wako karibu na maili 95, nao hurusha juu zaidi, karibu nyuzi 13, kwa sababu hupiga wakipanda ilhali wanaume kwa wastani hushuka kidogo. Sasa mwanamume wa klabu anayefikisha maili 90 akienda dukani anataka nyuzi 9, eti ndiyo ya mabingwa. Mimi namwona kachagua bingwa asiye wake. Angewatazama akina dada wa LPGA angejifunza mengi zaidi. Mpira wa kasi ndogo usiporushwa juu vya kutosha huanguka mapema.

Kwa makadirio ya kuanzia: chini ya maili 85, tafuta nyuzi 12 au zaidi, kati ya 85 na 100, 10.5 hadi 12. Ukizidi 105 ndipo 9 inaanza kuwa na maana. Anayepanda sana anaweza kupunguza. Anayeshuka ana kazi nyingine kwanza, kwa sababu kumwongezea lofti kutaunyanyua mpira lakini kutauongezea na mzunguko pia. Ajaribu kuuweka mpira usawa wa kisigino cha mguu wa mbele na kuinua tii, kile kijiti cha kuwekea mpira, halafu apime upya.

Lofti ndogo ina adhabu nyingine isiyotajwa sana: mpira hupinda zaidi. Kosa lilelile la uso kutazama kulia kwa njia ya fimbo huuinamisha mzunguko zaidi pale lofti inapokuwa kidogo. Mwenye kupoteza mipira msituni upande wa kulia asikimbilie 9.

Mahali nako kuna neno lake. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na hewa yake nyepesi huupunguzia mpira ukinzani na pia ule msaada wa kuelea. Mpira wa klabu ya Muthaiga, Nairobi, huenda mbali zaidi kuliko wa Nyali, Mombasa, ila kwa njia iliyolala kidogo, hivyo lofti ya ziada kule juu haina hasara kubwa. Pwani, mpira wenye mzunguko mwingi ukikutana na kusi uso kwa uso hupanda tu, ukasimama hewani, ukashuka pale pale.

Kabla ya kununua chochote, paka poda ya miguu kwenye uso wa dreva upige mipira kadhaa. Uso huo umebinuka kidogo, kwa hiyo sehemu ya juu ina lofti kubwa kuliko ya chini, na alama zikiwa chini huenda tatizo ni tii wala si fimbo. Kisha nenda kwa pro, yaani mwalimu wa gofu, mwenye kifaa cha rada cha kupima mashuti.

Tangu 2008 kanuni zinaruhusu dreva za kurekebishwa, mradi usiirekebishe katikati ya raundi. Ukiongeza lofti kwa kuzungusha shingo ya fimbo, uso nao hufunga kidogo kuelekea kushoto kwa anayepiga kwa mkono wa kulia, ukipunguza, hufunguka. Kwa hiyo mwenye kupinda kulia akiongeza nyuzi moja hupata nafuu mara mbili, na yule ambaye mipira yake tayari inakwenda kushoto aangalie asijiongezee.