Elektroni iliyojanibika haijanaswa

Ujanibishaji wa Anderson ni hali ya wimbi la elektroni kujikusanya sehemu moja ndani ya maada yenye mpangilio uliovurugika, hata umeme usipite. Maana ndiyo hiyo. Kinachokera ni kuambiwa kila mara kwamba elektroni "imenaswa", kana kwamba imetumbukia shimoni.

Janibu, neno lenye asili ya Kiarabu, ni upande au sehemu ya nchi. Watafsiri wa programu za kompyuta nao wana ujanibishaji wao, wa kuifanya programu iwe ya mahali fulani, hatugombani nao. Kujanibika, basi, ni kuwa wa upande mmoja, na neno halidai kuwa kuna aliyekufunga. Mwanafizikia Philip Anderson mwenyewe, kwenye kichwa cha makala yake ya 1958, alitaja kukosekana kwa msambao. Mtego hakuutaja.

Hesabu inaonyesha kwa nini. Panga vituo, yaani mahali elektroni inapoweza kukaa, kwenye mstari, kila kimoja ukipe nishati ya kubahatisha kati ya −W/2 na W/2, na nguvu ya kurukia kituo jirani iwe t = 1. Weka W = 1, kisha chukua elektroni yenye nishati E = 1. Hakuna kituo kinachozidi 0.5, wala pahala ambapo fizikia ya Newton ingeizuia. Hata hivyo kimo cha wimbi hugawanyika kwa 2.7 hivi katika kila vituo 70. Kila kituo hurudisha nyuma kipande kidogo cha wimbi, na vipande hivyo vikijumlishwa huua safari ya mbele. Shimo liko wapi?

Tahadhari kwa anayejaribu: mstari wa vituo 50 utakudanganya kuwa ni metali, maana ni mfupi kuliko huo urefu wa 70. Tumia maelfu. Na usihamishie jibu kwenye mchemraba wa pande tatu. Huko, katikati ya bendi (masafa ya nishati ambazo elektroni inaweza kuwa nazo), elektroni zote hujanibika W/t ikivuka takriban 16.5 tu.

Kunaswa nako kupo. Ndani ya silikoni yenye baridi kali, elektroni ya ziada ya fosforasi hushikwa na atomu yake kwa elektronivolti 0.045 hivi, hiyo semeni imenaswa. Ya Anderson, tafadhali, iacheni ijanibike.