Msimnyang'anye Mama Jembe, Mpunguzieni Shamba

Watoto wakimleta mama yao mjini humpokea kwa maneno matamu: "Mama, umelima vya kutosha, sasa pumzika." Mama anawekwa kwenye kochi mbele ya televisheni. Miezi kadhaa baadaye wanamleta kwetu, kitengo cha fiziotherapia: magoti yamekaza, kuinuka mpaka ashikwe mkono. Wanasema ni uzee. Mara nyingi si uzee peke yake, ni kochi nalo.

Msuli usiotumika hunywea, na uzeeni hunywea upesi, kuurudisha ni kazi. Shirika la Afya Duniani linashauri wenye miaka 65 na zaidi waushughulishe mwili angalau dakika 150 kwa wiki, na siku 3 au zaidi wafanye mazoezi ya nguvu na ya kusimama imara. Sasa mwambie bibi wa Rombo aende jimu, uone atakavyokucheka. Lakini mwonyeshe tuta la mchicha lililoota magugu. Atainama, atainuka, atabeba kopo la maji, atageuka bila kuyumba. Hayo ndiyo tunayofundisha hapa kwa mipira na kamba.

Kichwa nacho hakibaki nyuma. Mjini Dubbo, Australia, watafiti waliwafuatilia watu 2,805 wa miaka 60 na zaidi kwa miaka 16. Walioshika bustani kila siku walikuwa na hatari ndogo ya kupata ugonjwa wa kusahau, kwa asilimia 36. Nisitie chumvi: huenda wengine waliiacha bustani kwa kuwa akili ilishaanza kuchoka, kwa hiyo utafiti huo hauthibitishi kwamba jembe ni dawa. Ila mtu anayejiuliza kila asubuhi kipi kimemwagiliwa na kipi kinapaliliwa leo, akili yake haijalala.

Nyumba nyingi za mjini hazina shamba, na ekari moja hatumtakii. Viroba vitatu vya udongo uliochanganywa na samadi vinatosha. Vipandishwe juu ya matofali au meza imara, vifike kiunoni, ili mgongo usipinde muda mrefu. Matembele ni rahisi kuliko yote: unachomeka marando, unamwagilia, basi. Kiti kiwe karibu. Maji abebe kwa kopo au ndoo ndogo, kwani ndoo ya lita 10 ni kilo 10 mkononi.

Afanye asubuhi au jioni, jua likiwa pole. Avae viatu vilivyofunika mguu, hasa mwenye kisukari, maana anaweza kuchomwa na mwiba asisikie na kidonda kikaja kuonekana kimeshaharibika. Muulizeni mhudumu wa afya kuhusu chanjo ya pepopunda, kwa kuwa vimelea vyake hukaa udongoni. Anayetumia dawa za presha asiinuke ghafla baada ya kuinama. Anaweza kupata kizunguzungu akaanguka. Na anayemeza warfarin, dawa ya kuzuia damu isigande, asibadilishe ghafla kiasi cha mboga za majani anachokula bila kuzungumza na daktari wake, kwa sababu zina vitamini K inayopunguza nguvu ya dawa hiyo.

Mchicha hukomaa kwa wiki tatu au nne. Akivuna, msiharakishe kuupeleka wote jikoni. Mwacheni afunge fungu moja ampelekee jirani, kwa miguu yake mwenyewe.