Maneno 50,000 kwa siku 30: dhana potofu kuhusu kuandika riwaya haraka

Novemba ikikaribia, vijana wanaoandika huniuliza swali lilelile: je, naweza kumaliza riwaya kwa mwezi mmoja? Wengi wao wamesikia habari za NaNoWriMo, mpango ulioanza Julai 1999 maeneo ya San Francisco, pale Chris Baty na wenzake, watu 21 kwa jumla, walipokubaliana kila mmoja aandike riwaya ndani ya mwezi. Mwaka uliofuata wakauhamishia Novemba, na lengo lake likaenea duniani: maneno 50,000 kwa siku 30, yaani 1,667 kwa siku. Shirika lililousimamia lilitangaza mwaka 2025 kwamba linafungwa, lakini hesabu yake haikuondoka nalo. Bado watu wanajipimia, na pamoja nayo wamebeba imani kadhaa ambazo nimeziona zikiwavunja moyo waandishi wazuri kabisa.

Jibu langu huwa ni ndiyo, inawezekana. Ila nambari hiyo haisemi kilicho nyuma yake, na hapo ndipo watu wanapoumia.

"Kilichoandikwa haraka hakiwezi kuwa kizuri"

Hapa ndipo mtu hutolewa methali ya haraka haraka haina baraka. Sasa mtazame Anthony Trollope, Mwingereza aliyekuwa mfanyakazi wa posta. Saa kumi na moja na nusu alfajiri alikuwa ameshakaa mezani, kabla ya kwenda kazini. Aliiweka saa mbele yake akajitaka atoe maneno 250 kwa kila robo saa. Ameacha riwaya 47. Alipoueleza utaratibu huo katika tawasifu yake, iliyotoka mwaka 1883 baada ya kifo chake, wasomaji wengi walimshusha hadhi: iweje sanaa ipimwe kwa saa kama kibarua? Riwaya zilikuwa zilezile walizozipenda kabla ya kujua. Kilichobadilika ni kwamba sasa walijua habari ya ile saa mezani.

Kuna jambo moja ambalo wanaomtaja husahau. Katika saa zake tatu za kazi, nusu saa ya kwanza ilikuwa ya kusoma aliyoyaandika jana, akiyapima maneno kwa sikio. Kasi yake ilisimama juu ya usomaji huo.

Na kasi ina faida yake. Anayerudi kwenye riwaya kila siku hahitaji kujikumbusha kama shangazi wa mhusika wake ni Mwanajuma au Mwanaidi, wala kama mvua ilikuwa imeshanyesha. Anayerudi baada ya wiki tatu huimaliza jioni nzima akisoma nyuma, na akipata lile jambo lililompotea, usingizi umeshamkamata.

"Walioandika kwa kasi walianza na karatasi tupu"

Mwaka 1866 Fyodor Dostoevsky alizongwa na madeni, na alikuwa ametia saini mkataba mbaya: asipokabidhi riwaya mpya kufikia tarehe 1 Novemba, mchapishaji wake angepata haki ya kuchapa kazi zake kwa miaka tisa bila kumlipa. Oktoba ikaingia hana kitu. Akampata Anna Snitkina, msichana wa miaka 20 aliyesomea hati mkato, yaani uandishi wa haraka kwa alama, akamsimulia riwaya ya mcheza kamari, naye akawa anainakili. Siku 26 zikatosha. Kazi ikakabidhiwa kwa wakati, na Februari iliyofuata wakaoana.

Watu hukisimulia kisa hiki kama muujiza. Wanachoacha ni kwamba Dostoevsky alikuwa ameshamweleza rafiki yake habari za mcheza kamari huyo kwa barua mwaka 1863, miaka mitatu nyuma, na kamari yenyewe alikuwa ameijua kwa kupoteza fedha zake mwenyewe. Siku 26 zilikuwa za kutoa. Kuingiza kulichukua miaka.

Ndivyo ilivyo pia kwa Jack Kerouac, anayejulikana kwa kupiga chapa riwaya nzima kwa wiki tatu, Aprili 1951, juu ya karatasi ndefu zilizoungwa zikawa msokoto mmoja. Nyuma ya wiki hizo kulikuwa na madaftari ya miaka kadhaa, na mbele yake kulikuwa na marekebisho. Kitabu hakikutoka mpaka 1957.

Kwa hiyo nikimwona mtu anaanza tarehe 1 bila kujua kisa chake ni cha nani, namwonea huruma. Mimi sianzi kuhesabu maneno kabla sijaweza kumsimulia mtu kisa changu kwa mdomo, tunamenya viazi, bila kukwama. Nikikwama kwenye viazi, nitakwama na kwenye ukurasa wa 40.

"Maneno 1,667 ni maneno 1,667 kwa lugha yoyote"

Hili ndilo linaloniuma kuliko yote, maana limetufanya tunaoandika kwa Kiswahili tujione wavivu bure.

Kompyuta haijui Kiswahili. Inahesabu mafungu ya herufi yaliyotenganishwa na nafasi, basi. Chukua sentensi hii: *Hatukumwambia alipotuuliza.* Ni maneno mawili. Ndani yake mna sisi, mna yeye, mna ukanushi, mna wakati uliopita, mna na ile "po" ya pale alipofanya. Mwandishi wa Kiingereza akisema jambo hilohilo anajiandikia maneno tisa. Au hii: *Nilipofika nyumbani nilimkuta amelala.* Kwetu ni maneno manne, kwake manane. Na riwaya ndiyo hiyo: mtu alifika, akamkuta, akamwambia, wakaondoka. Vitenzi vyetu hubeba mizigo ambayo lugha nyingine huigawa kwa wapagazi watano.

Si kila mahali tunapunjwa hivyo. *Mtoto wa jirani wa mama yangu* ni maneno sita, na Kiingereza kinayasema kwa manne, kwa sababu ya zile "wa" na "ya" zetu. Hata tahajia ina lake: ukiandika "pole pole" umepata mawili, ukiandika "polepole" umepata moja. Kwa hiyo siwezi kukupa kanuni moja ya kuzidisha. Lakini katika masimulizi, ambako vitenzi ndivyo vinavyoendesha gari, anayejipimia 1,667 kwa Kiswahili anajidai kisa kirefu kuliko anachojidai mwenzake wa Kiingereza.

Mwaka wa kwanza nilipojaribu, tarehe 30 ilinikuta mbali sana na 50,000. Nilifunga faili nikajiambia mimi si mtu wa kuandika. Miezi ikapita. Rafiki yangu asiyesoma Kiswahili akaniomba nimtafsirie sura ya kwanza, nami nilipokuwa naifanya kazi hiyo nikaiona nambari kwenye kona ya chini ya skrini ikiipita ile ya mswada wangu, na mwisho wa sura bado uko mbele. Nilikaa nikaitazama muda mrefu. Nilikuwa nimejipima kwa pishi ya watu wengine.

Fanya hivi badala yake. Chukua riwaya ya Kiswahili unayoipenda. Hesabu maneno ya ukurasa mmoja uliojaa, kwa kidole, kisha zidisha kwa idadi ya kurasa. Hiyo ndiyo pishi yako. Wala usione haya ikitoka ndogo. 50,000 si mpaka uliowekwa na sheria ya fasihi. Baty aliikadiria kutokana na riwaya fupi iliyokuwa kwenye rafu yake. Shaaban Robert alitoa Kusadikika mwaka 1951, kitabu chembamba, na zaidi ya miaka 70 baadaye bado kinasomwa na kufundishwa. Wengine wanaona heri kuhesabu matukio: leo naandika ugomvi wa kisimani, kesho barua inafika. Nimeujaribu mtindo huo na naupenda, ingawa una hatari yake, maana ugomvi wa kisimani unaweza kuchukua wiki.

"Anayeshindwa kufikia lengo hana nidhamu"

Kazuo Ishiguro, aliyekuja kupata Tuzo ya Nobel mwaka 2017, ameeleza jinsi alivyoandika rasimu ya The Remains of the Day kwa wiki nne mwaka 1987. Aliandika kuanzia saa tatu asubuhi mpaka saa nne na nusu usiku, Jumatatu hadi Jumamosi, akipumzika kwa chakula tu. Simu hapokei, wageni haoni. Na sehemu yake ya kupika na kazi za nyumbani aliichukua mkewe, Lorna.

Rudi kwa Trollope. Aliyemwamsha ni mtumishi mzee aliyelipwa pauni 5 zaidi kwa mwaka kwa kazi hiyo, na ambaye hakuchelewa na kahawa hata mara moja. Trollope mwenyewe ameandika kwamba pengine mafanikio yake anadaiwa na mzee huyo kuliko na mtu mwingine yeyote. Rudi kwa Dostoevsky: mchana alisimulia, na usiku Anna yuko kwao anazigeuza alama za hati mkato kuwa maandishi safi.

Nasema haya nikiwafikiria akina dada na akina mama ninaowajua, wanaoandika kwa simu watoto wakishalala, sufuria zimeshaoshwa, kidole gumba kimechoka. Ukimpa mwanamke huyo 1,667 kwa siku kisha ukamwita mvivu, humtendei haki. Mpe 300. Maneno 300 kwa siku 200 ni 60,000, na bado amebakiwa na siku 165 za mwaka za kuugua, kusafiri, kwenda misibani na kulala. Na kama nyumbani kwake kuna mtu anayeweza kusonga ugali, mtu huyo asongee. Hiyo nayo ni sehemu ya kuandika riwaya, na ingefaa tuiseme wazi tunapopanga malengo.

"Ukifika mwisho, umemaliza"

Hili halihitaji maneno mengi. Mfano mmoja utatosha. Katika rasimu ya haraka niliandika hivi:

*Bi Zuhura akaingia. Akakaa kitini. Akaanza habari za shamba (lipi? mikarafuu au minazi? rudi hapa). Salumu hakujibu, akawa anamwangalia tu.*

Kurasa kadhaa mbele, nikiwa bado nakimbia, nikagundua kitu ambacho sikukipanga: kile kiti kilikuwa cha baba yake Salumu, na tangu msiba hakuna aliyekikalia. Nisingeligundua hilo kama ningesimama kuing'arisha sentensi ya kwanza. Niliporudi mwezi mmoja baadaye, aya nzima ikawa hii:

*Bi Zuhura aliingia bila hodi, akakaa kwenye kiti cha marehemu.*

Habari za shamba zimeondoka. Kumwangalia kumeondoka. Hesabu ya maneno imeshuka, na chumba kimejaa. Ndiyo maana yale mabano nayaacha kwenye rasimu bila wasiwasi: ni ahadi ya kurudi, na inaniruhusu kusonga mbele leo. Kinachonisikitisha ni kuona mswada uliomalizika tarehe 30 usiku ukitumwa kwa mchapishaji asubuhi yake, mabano yakiwa bado ndani. Uache upoe. Usome kwa sauti. Mpe mtu mmoja atakayekuambia kweli.

"Siku uliyoikosa ni deni"

Fanya hesabu uone inavyoua. Umekosa siku tatu kwa malaria. Ukiamka ya nne na unataka kulipa, unadaiwa maneno 6,668 kwa siku moja, na mwili bado haujapata nguvu. Hutayaandika. Kesho deni litakuwa kubwa zaidi, na wiki ikiisha utakuwa unaikwepa meza yako kama mtu anayemkwepa mwenye duka. Nimeona miswada mingi ikifia hapo kuliko kwenye ugumu wa kisa chenyewe.

Siku iliyopita imepita. Lengo la leo ni la leo, na kama tarehe ya mwisho haitoshi tena, isogeze, uliiweka mwenyewe. Kalenda yangu ya ukutani mwezi uliopita ina visanduku tisa vitupu mfululizo: vitatu vya msiba, viwili vya umeme kukatika, vinne ambavyo sina sababu yake. Cha kumi kimeandikwa 412 kwa kalamu nyekundu. Usiku huo niliandika Salumu akimwomba Bi Zuhura asinyanyuke kitini.