Mwandishi Alisimama Wapi? Kuchagua Vitabu Kabla ya Likizo

Swali hili hunifikia pale kwenye meza ya maulizo likiwa bado linahema: "Naenda Sicily baada ya wiki tatu. Nichagulie kitabu kimoja kizuri." Kimoja. Kizuri. Na muulizaji tayari ameshika kitabu cha mwongozo chenye picha ya bahari jaladani. Anachongoja ni mimi niitikie kwa kichwa aende zake.

Mimi ni mkutubi. Sikatai kuitikia kwa kichwa, lakini kwanza namrudishia swali. Huyu mwandishi uliyemshika alikuwa amesimama wapi alipoandika? Mlangoni kama mgeni, au uani kama mwenyeji? Na alisimama hapo lini? Ukishajua hayo mawili, hata kitabu kibovu kina faida yake. Usipoyajua, hata kitabu kizuri kinaweza kukupoteza.

Tukae na hiyo Sicily, maana kisiwa kile cha Italia kina bahati ya kuandikwa na watu wasiofanana hata kidogo.

Ibn Jubayr, mtu wa Andalusia, hakukusudia kukitembelea. Alikuwa njiani kurudi kutoka Hija, chombo alichopanda kikavunjika karibu na Messina mwezi Desemba 1184. Akajikuta katika ufalme wa William wa Pili, mfalme Mkristo aliyezungukwa na watumishi Waislamu, akayaandika yote aliyoyaona, hadi wanawake wa Kikristo wa Palermo waliotoka siku ya Krismasi wamevaa kama wanawake wa Kiislamu. Msafiri wa leo akisoma kurasa hizo chache kisha akaingia Cappella Palatina, kanisa la kifalme mjini Palermo, akainua macho kwenye ile dari ya mbao iliyochongwa na kupakwa rangi kwa ufundi wa Kiislamu, hatahitaji mtu wa kumwelezea. Na hapo hajasoma kitabu kizima. Kwa msafiri, kurasa ishirini zilizochaguliwa vizuri zinatosha, wala hakuna anayekufanyia mtihani.

Goethe, mwandishi Mjerumani, alifika Palermo mwaka 1787. Huyu alikuja kwa hiari, na kichwa chake kilijaa mahekalu ya Wagiriki na mimea. Anachokitafuta anakiona, asichokitafuta anakipita. Lakini sababu hasa ya kumtaja ni tarehe: kitabu chake cha safari ya Italia kilianza kutoka mwaka 1816, karibu miaka 30 baada ya safari yenyewe. Mwaka wa safari na mwaka wa kitabu ni vitu viwili, na wasomaji wengi huviunganisha. Mfano mwingine ninaoupenda ni wa Patrick Leigh Fermor, Mwingereza aliyeanza kuvuka Ulaya kwa miguu Desemba 1933 akiwa na miaka 18. Juzuu ya kwanza ya habari za safari hiyo, A Time of Gifts, ilitoka mwaka 1977. Macho ni ya kijana, mkono ni wa mzee aliyevuka sitini, na katikati yao imepita vita iliyofuta mengi ya aliyoyaona. Ukimchukua kama mwongozo wa njia, utatafuta dunia isiyokuwepo. Ukimchukua kama kumbukumbu, sijui wengi wanaomfikia.

Basi mgeni ana faida moja kubwa: hueleza kila kitu, kwa kuwa kila kitu ni kipya kwake. Mwenyeji haelezi, anadhani unajua. Ndiyo maana watu huchukua riwaya ya mwenyeji, wakachoka kabla ya ukurasa wa thelathini, wakasema ni ngumu. Si ngumu. Wameingia kwenye mazungumzo ya familia bila kutambulishwa.

Riwaya ya Giuseppe Tomasi di Lampedusa, Il Gattopardo, ni hivyo hasa. Inaanza Mei 1860, mwezi ambao Garibaldi, kiongozi wa vita vya kuiunganisha Italia, alishuka Marsala na wapiganaji wake, na inamfuata mkuu wa ukoo wa kikabaila anayeutazama ulimwengu wake ukimponyoka. Mwandishi mwenyewe alikuwa mtoto wa ukoo kama huo. Wachapishaji waliikataa, akafariki mwaka 1957, kitabu kikatoka mwaka uliofuata. Msomaji asiyejua Garibaldi ni nani, wala kwamba Italia wakati huo haikuwa nchi moja, ataona tu mzee mwenye huzuni katika nyumba kubwa. Kwa hiyo mimi huanza na historia fupi ya mahali, fupi kweli, hata sura moja ya ensaiklopidia, ndipo nampa msomaji riwaya. Mpangilio huo umeokoa riwaya nyingi zisirudishwe na alama ya ukurasa imekwama palepale penye thelathini.

Halafu kuna wenyeji na wenyeji. Leonardo Sciascia alizaliwa Racalmuto, mji wa machimbo ya kibiriti na chumvi, akafanya kazi ya ualimu. Riwaya yake ya mwaka 1961, Il giorno della civetta, inafunguka na mtu anayepigwa risasi akidandia basi alfajiri. Abiria wanateleza mmoja mmoja, na waliobaki hawakuona kitu. Kisiwa ni kilekile cha Lampedusa, lakini huyu anakitazama kutoka kituo cha basi, yule alikitazama kutoka roshani ya kasri. Nikiulizwa yupi anasema kweli, hujibu: wachukue wote wawili, wagombane kichwani mwako. Kama nafasi ni ya mmoja tu, mimi humpa msafiri Sciascia, kwa sababu ni mfupi na kwa sababu likizo yenyewe itamwonyesha makasri ya kutosha.

Jambo hili si la Sicily peke yake. Anayekwenda Unguja kwa ajili ya ufukwe hatakosa vitabu vya ufukwe. Kuli, riwaya ya Shafi Adam Shafi iliyotoka mwaka 1979, itampeleka bandarini kwa wapakuzi wa mizigo na mgomo wao wa mwaka 1948, tena kwa Kiswahili, bila mtafsiri kusimama katikati. Hatalala vibaya hotelini kwa kuisoma. Ila akipita bandarini atapunguza mwendo.

Kuna na wale ambao hawakusimama popote. Bram Stoker hakuwahi kukanyaga Transylvania, ambayo leo ni sehemu ya Romania. Alipokuwa likizoni Whitby, Uingereza, mwaka 1890, aliazima katika maktaba ya mji kitabu cha mwanadiplomasia William Wilkinson kuhusu Wallachia na Moldavia, akalinyofoa humo jina la Dracula, mnyonya damu wa riwaya yake. (Kama mkutubi najivunia na kusikitika kwa pamoja.) Mpaka leo watalii wanapanda kwenye ngome ya Bran kumtafuta mtu aliyezaliwa kwenye daftari la maktaba ya pwani ya Uingereza. Sisemi usiisome riwaya hiyo, isome, uifurahie, ila ujue unachokisoma ni ndoto ya Uingereza ya mwaka 1897, na Romania itabidi uitafute kwa mwandishi mwingine.

Wakati mwingine ni mahali panapokigeukia kitabu. Andrea Camilleri aliwaweka wahusika wake wa hadithi za upelelezi katika mji wa kubuni uitwao Vigàta, akiufinyanga kutokana na Porto Empedocle, mji wa Sicily alikozaliwa. Mwaka 2003 Porto Empedocle ukajiongezea rasmi jina la Vigàta, kisha mwaka 2009 ukaliacha. Wakati huohuo tamthilia ya televisheni iliyotokana na hadithi hizo ilipigwa picha zaidi upande wa Ragusa, kusini-mashariki. Shabiki asiyeuliza anaweza kufika kwenye mji uliowahi kubeba jina na kuikosa nyumba aliyoizoea kwenye skrini.

Sasa kile kitabu cha mwongozo ulichokishika. Kifungue ukurasa wa haki ya kunakili, ule wenye maandishi madogo ambao kila mtu huupita. Tafuta maneno mawili: toleo na chapa. Toleo jipya maana yake mtu amekaa akarekebisha yaliyomo; chapa mpya maana yake mashine imewashwa tena na karatasi nyingine, makosa yakiwa palepale. Niliwahi kumkabidhi mama mmoja mwongozo niliouamini kwa sababu ulikuwa na harufu ya wino mpya. Akarudi na kisa cha kungoja feri iliyoacha safari zile zamani. Nilipofungua ukurasa ule nikakuta ni chapa ya juzi ya toleo la miaka tisa nyuma. Sikuwa na la kujitetea. Kuusoma ukurasa huo ndiyo kazi yangu. Tangu siku hiyo namwambia kila msafiri: saa za kufungua, nauli na ratiba uzitafute kwenye tovuti za wenyewe, siku chache kabla ya kuondoka. Mwongozo wa karatasi uuachie ramani, mpangilio wa mitaa na maelezo ya majengo, kwani majengo hayabadilishi ratiba.

Mwongozo mkongwe kabisa ni habari nyingine. Vile vitabu vyekundu vya Baedeker vya karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20 siku hizi vinapatikana bure kwenye hifadhi za kidijitali. Hutapata hoteli humo, lakini utaona ni jengo gani lilipewa nyota na ni mtaa gani haukutajwa kabisa, na huenda mtaa huo ndio unaopigwa picha kuliko yote leo.

Niruhusu kidogo niseme ya ofisini, kwa sababu hili huwaponza hata wasomaji wazoefu. Maktaba zinazotumia mfumo wa Dewey, wa kupanga vitabu kwa namba, uliotungwa mwaka 1876, haziweki vitabu vyote vya mahali fulani kwenye rafu moja. Zinavitawanya kwa somo. Kwa Sicily, miongozo na habari za safari ziko 914.58, historia iko 945.8, mapishi 641.59458. Riwaya za Kiitaliano zinakaa 853, zikifuata lugha, wala namba haitakwambia ipi ni ya kisiwa na ipi ni ya Milano. Volkeno kama Etna ziko 551.21, rafu kadhaa mbali. Anayesimama mbele ya 914 na kudhani ameona kila kilichopo ameona vitabu vya wageni peke yao, maana rafu hiyo ndiyo ya wapita njia. Lakini angalia: 45 ni Italia, 458 ni Sicily, na tarakimu hizo hujirudia kwenye masomo mengi. Ukiijua namba ya mahali uendako unaweza kuiwinda maktaba nzima. Au umuulize mkutubi, tunapenda kuulizwa.

Kuhusu idadi, historia moja fupi, kitabu kimoja cha mwenyeji na mwongozo vinatosha. Ukisoma zaidi ya hapo unaanza kusafiri ili kusahihisha vitabu, na wenzako hawatakuvumilia. Mimi hupenda kuacha riwaya nusu, niimalizie kulekule.

Na acha nafasi kwenye begi wakati wa kwenda. Vijitabu vya mwanahistoria wa mji, vile vyembamba vinavyouzwa kwenye kaunta ya makumbusho au duka dogo nyuma ya kanisa, mara nyingi havifiki kwenye katalogi ya maktaba yoyote ya mbali, na humo ndimo yamo majina ya visima na sababu ya mtaa kuitwa hivyo unavyoitwa. Ukiwa dukani, usimuulize muuzaji kitabu kizuri ni kipi. Atakupa kile anachowapa wageni. Muulize alisomeshwa nini shuleni. Italia, wengi watakutajia I promessi sposi, riwaya ya Manzoni ambayo hufunguka kwenye ziwa Como na kuishia na tauni iliyoikumba Milano mwaka 1630. Wengine watakutajia huku wamekunja uso, kwa jinsi walivyolazimishwa. Muulize huyo aliyekunja uso ni sura gani bado anaikumbuka.