Magari ya Umeme: Tuache Kuhesabu Megawati, Tuikague Transfoma ya Mtaani

Watu wakishajua kwamba mimi ni mhandisi wa usambazaji umeme, swali linalofuata siku hizi ni moja. Nchi inayoendelea, ambayo umeme wake bado unakatika, iko tayari kweli kwa magari ya umeme? Mara nyingi muulizaji huwa ameshajijibu kwa kutaja megawati: tunazalisha kiasi hiki, tunatumia kiasi kile, basi yanatosha au hayatoshi. Mimi nasema hesabu hiyo inaanzia mahali pasipo na shida kubwa.

Tuifanye pamoja. Gari dogo la umeme hutumia takriban uniti 15 hadi 20, yaani kilowati-saa, kwa kila kilomita 100. Likitembea kilomita 40 kwa siku, linahitaji kama uniti 7. Chukua magari 100,000, ambayo kwa nchi nyingi zinazoendelea yangekuwa mafanikio makubwa. Yote kwa pamoja yanahitaji uniti 700,000 kwa siku. Yakichajiwa polepole kwa saa nane za usiku, gridi inabeba chini ya megawati 90 (megawati moja ni kilowati 1,000). Hata ukiongeza umeme unaopotea njiani, huo ni mzigo ambao gridi nyingi zinaumudu usiku wa manane, saa ambazo mitambo huzungushwa chini ya uwezo wake.

Sasa badilisha kitu kimoja tu. Magari yaleyale, kilomita zilezile, ila wenyewe wote wanarudi nyumbani saa moja jioni na kuchomeka chaja za kilowati 7 kwa wakati mmoja. Mzigo unaruka hadi megawati 700. Hawatachomeka wote kwa dakika moja, hilo najua, lakini pengo kati ya 90 na 700 linaonyesha kwamba kiasi cha umeme si kitendawili kikubwa. Kikubwa ni saa unapotumika, na mahali unapopitia. Na mahali penyewe ni transfoma ile iliyo juu ya nguzo, ambayo watu hupita chini yake kila siku bila kuitazama.

Transfoma ya kVA 100 ni ya kawaida sana mitaani; kVA ni kipimo cha mzigo inaoweza kubeba, na kwa hesabu zetu hapa ni karibu sawa na kilowati. Aliyeipanga hakuhesabu kwamba kila nyumba itawasha kila kitu kwa pamoja. Alihesabu kwamba huyu akipiga pasi, yule atakuwa amelala. Kwa hesabu hiyo transfoma moja huhudumia nyumba 60 au 70, na jioni hufika kVA 80 bila kulalamika. Chaja ya gari ya ampea 32 huvuta kama kilowati 7 mfululizo kwa saa kadhaa. Huo ni mzigo wa jioni wa nyumba tano au sita, uliokuja bila mtu kujenga hata chumba kimoja. Magari matatu yakichajiwa saa mbili usiku, transfoma hiyo imeshavuka kiwango chake.

Kuna jambo ambalo halionekani kwenye jumla. Miaka kadhaa iliyopita nilikaa usiku kucha chini ya transfoma moja ya kVA 100 iliyokuwa ikichoma fyuzi kila wiki. Kwa makaratasi haikuwa na tatizo, kwani mzigo wake wote ulikuwa theluthi mbili ya uwezo. Nilipopima fezi moja moja, yaani kila moja ya nyaya tatu zinazogawana mzigo wa transfoma, nikakuta ya kwanza inabeba ampea 150, ya pili 65, ya tatu 60. Transfoma ya ukubwa huo inaruhusu kama ampea 139 kwa kila fezi. Fezi moja ilikuwa inaungua huku mbili zimepumzika. Sababu ilikuwa karakana ya kuchomelea vyuma pamoja na nyumba mpya ambazo mafundi waliziunga zote kwenye waya uliokuwa karibu na ngazi. Hapakuwa na gari hata moja la umeme. Ninapofikiria chaja za nyumbani, ambazo nyingi ni za fezi moja, huukumbuka usiku ule. Magari matatu kwenye fezi moja ni kilowati 21 kwa waya wenye uwezo wa kVA 33 tu, yaani theluthi ya transfoma.

Transfoma iliyozidiwa hailipuki usiku huohuo, na hapo ndipo hatari ilipo. Ndani yake nyaya za koili zimevikwa karatasi na kuzamishwa kwenye mafuta. Karatasi hiyo huchakaa kwa joto: sehemu yenye joto kali zaidi ikizidi kiwango chake kwa nyuzi 6 tu, kasi ya kuchakaa inakuwa maradufu. Usiku ndio muda wake wa kupoa. Ukimnyima usiku mnyama huyu, mashine iliyotakiwa kuishi miaka 30 inakufa ndani ya miaka michache, na hakuna atakayekumbuka kuihusisha na magari. Kitakachoandikwa kwenye ripoti ni "transfoma imeungua".

Tiba ya hili inajulikana na haihitaji bwawa jipya. Ya kwanza ni bei ya umeme inayotofautiana kwa saa, ili mwenye gari aone faida ya kusubiri hadi usiku wa manane. Kenya ilianzisha bei maalumu ya umeme wa vyombo vya usafiri mwaka 2023, yenye unafuu kwa saa ambazo mzigo uko chini. Ya pili ni kumtaka kila anayefunga chaja ya nyumbani atoe taarifa, ili shirika la umeme lijue chaja iko kwenye fezi ipi. Ya tatu ni mita kwenye kila transfoma. Mashirika mengi ya umeme yanajua kila uniti unayonunua wewe, lakini hayajui transfoma inayokuhudumia ilibeba nini jana usiku. Kwangu hicho ndicho kipimo cha kwanza cha utayari, kabla ya kuhesabu vituo vya kuchajia barabara kuu.

Ndiyo maana sikubali jibu la ndiyo au hapana kwa nchi nzima. Nchi haiwi tayari yote kwa siku moja. Kunakuwa na mtaa ulio tayari na mwingine ambao bado, na chombo kimoja kinakuwa tayari miaka kumi kabla ya kingine. Ukiniuliza kipi kitangulie, nitasema bila kusita: pikipiki ya abiria, kisha basi la mjini. Gari la mtu binafsi lifuate nyuma yao.

Bodaboda anayetembea kilomita 120 kwa siku huchoma kama lita tatu za petroli. Gari la mtu wa ofisini linalotembea kilomita 40 huchoma karibu kiasi hichohicho. Lakini kuliondoa petrolini gari lile unahitaji betri ya uniti 40 hadi 60, ilhali pikipiki inahitaji betri ya uniti tatu hivi, hata ukiiongezea moja ya akiba kituoni. Betri ndiyo sehemu ya gharama kubwa kuliko zote katika chombo cha umeme. Kwa betri za gari moja unaweza kuwatoa waendesha pikipiki wengi kwenye foleni ya petroli, watu ambao mafuta yanakula sehemu kubwa ya kipato chao cha siku. Mimi sioni hoja nyingine inayoizidi hii.

Pikipiki ina faida nyingine, nayo inanigusa kama mtu wa umeme. Inaweza kubadilisha betri badala ya kungoja ichajiwe. Dereva anaacha iliyoisha, anachukua iliyojaa, anaondoka. Betri zinabaki kituoni, kwenye fezi tatu, chini ya mita moja, na mwenye kituo anaweza kupanga zichajiwe lini. Jioni umeme ukiwa mchache, anapunguza kasi. Rwanda imekwenda mbali zaidi, kwani kuanzia Januari 2025 pikipiki mpya zinazosajiliwa kubeba abiria Kigali zinatakiwa ziwe za umeme.

Mabasi nayo yana heshima yao. Yanalala pamoja kwenye yadi moja, njia zake zinajulikana, kilomita zake zinajulikana. Yadi ya mabasi 30 yanayochajiwa kwa kilowati 50 kila moja inahitaji megawati moja na nusu. Ni mzigo mkubwa, lakini ni mzigo ninaoweza kuuchora kwenye karatasi leo: laini yake ya kilovolti 11 au 33, transfoma yake, mita yake, bila kugusa nyumba ya mtu. Shenzhen, mji wa China, ulimaliza kubadilisha mabasi yake zaidi ya 16,000 kuwa ya umeme mwaka 2017. Ruzuku ya serikali ilikuwa kubwa, hilo lisifichwe, lakini kiufundi siri ilikuwa hiyohiyo ya kupanga mzigo mahali pamoja.

Nchi ninayoifuatilia kwa karibu zaidi ni Nepal. Kathmandu ilikuwa na magari ya matairi matatu ya umeme, Safa Tempo, tangu miaka ya 1990. Baadaye nchi ikapitia miaka ya mgao wa umeme wa saa nyingi kwa siku, na mwaka 2015 mpaka wake na India ulipofungwa, petroli ikakosekana kwa miezi. Baada ya hapo mgao ulikomeshwa, vituo vya umeme wa maji vikaongezeka, kodi ya magari ya umeme ikapunguzwa, na kufikia 2024 zaidi ya nusu ya magari mapya ya abiria yaliyoingizwa yalikuwa ya umeme. Hawakungoja kila kitu kikamilike. Hata hivyo, mito ikipungua wakati wa kiangazi bado hununua umeme kutoka India, na malalamiko ya transfoma yanafanana na ya kwingine kote.

Ethiopia imechagua njia ya ghafla. Mwaka 2024 ilizuia uingizaji wa magari binafsi ya petroli na dizeli, na Septemba 2025 ikazindua bwawa lake kubwa la mto Nile lenye uwezo wa zaidi ya megawati 5,000. Naelewa sababu, maana fedha za kigeni zinazokwenda kwenye mafuta ni nyingi na maji ni ya kwao. Lakini karibu nusu ya wananchi wake bado hawajaunganishwa na umeme. Hapo unaona wazi umbali uliopo kati ya bwawa na nguzo. Uzalishaji unaweza kuzinduliwa kwa siku moja. Usambazaji hujengwa mtaa kwa mtaa, nao ndio kwa kawaida huachwa bila bajeti.

Jambo ambalo watunga sera hulisahau ni magari yaliyotumika. Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira lilionyesha kwamba kati ya 2015 na 2018 magari madogo milioni 14 yaliyotumika yaliuzwa nje na Ulaya, Japani na Marekani, na asilimia 80 yalikwenda nchi za kipato cha chini na cha kati. Magari ya umeme yatafuata njia hiyohiyo, na mengine yameshaanza. Nissan Leaf za mwanzo zilikuwa na betri ya uniti 24 isiyopozwa kwa maji, na betri ya namna hiyo huchakaa haraka kwenye joto. Gari lililosafiri kama kilomita 120 likiwa jipya linaweza kufika likiwa na uwezo wa kilomita 80 au pungufu. Sheria nyingi za uingizaji huhesabu umri wa gari kwa miaka. Kwa gari la umeme kipimo hicho hakitoshi hata kidogo. Bandarini papimwe afya ya betri, na kinachosomeka kiandikwe kwenye hati ya gari, mnunuzi aone. Na nchi ichague aina moja ya plagi ya chaja za haraka kwa vituo vya umma. Za Japani, Ulaya na China haziingiliani, na kituo kinacholazimika kuweka zote tatu ni kituo kitakachochelewa kujengwa.

Kodi ya mafuta, ambayo ndiyo inayokarabati barabara nyingi, itapungua. Ni vema ukaanza kutafutwa mbadala wake sasa wakati magari ni machache. Mafundi nao wafundishwe mapema, kwa sababu nyaya za rangi ya chungwa chini ya gari hubeba volti 400 na fundi aliyezoea betri ya volti 12 hana sababu ya kuziogopa mpaka amefundishwa.

Nimalizie na betri zilizokufa. Thiaroye-sur-Mer, karibu na Dakar nchini Senegal, watoto 18 walifariki kati ya Novemba 2007 na Machi 2008 kwa sumu ya madini ya risasi, kutokana na kuvunjwavunjwa kwa betri kuukuu za magari. Vyombo vya bei rahisi vya matairi matatu vinavyotumia betri za risasi, ambazo huchoka baada ya mwaka mmoja au miwili, vinaweza kuzidisha balaa hilo, na kwa maoni yangu visipewe unafuu wowote wa kodi kwa jina la usafiri safi. Betri ya lithiamu aina ya chuma na fosfati haina risasi wala kobalti, na ikishindwa kwenye pikipiki bado hubaki na kama asilimia 70 ya uwezo wake. Betri 30 za namna hiyo, zilizokuwa na uniti tatu kila moja, zinahifadhi kama uniti 63. Zifunge na inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa gridi, chini ya nguzo ya transfoma ile ya kVA 100, zijaze mchana mzigo ukiwa mdogo, kisha ziache zitoe kilowati 20 kuanzia saa moja jioni hadi saa nne usiku. Huo ni mzigo wa magari yale matatu karibu wote.