Kamera Imesimama Wapi? Filamu za Hali Halisi za Wanawake Kuhusu Siasa na Haki za Binadamu

Mwaka 2006 mapanki, yaani mabaki ya sangara baada ya minofu kuondolewa, yalikuwa gumzo la Mwanza nzima. Filamu ya hali halisi ya Hubert Sauper, Darwin's Nightmare, iliyopigwa hapa mjini na kutolewa mwaka 2004, ilikuwa imeteuliwa kuwania tuzo ya Oscar, na Rais Jakaya Kikwete aliikosoa hadharani kwa jinsi ilivyoichora biashara ya sangara. Wengi niliowasikia wakibishana juu yake hawakuwa wameiona. Mimi nilibishana nao kwa muda kabla ya kuazimwa diski yenye mikwaruzo, nikaitazama usiku mmoja hadi mwisho. Kilichonibakia akilini hakikuwa ndege za mizigo wala ubishi wa nani amemsingizia nani, bali wanawake waliokuwa wakianika mapanki juu ya chanja, nikajiuliza kama kuna aliyewahi kurudi kuwaonyesha picha zao.

Swali hilo limenifuata katika kazi yangu ya kuandaa maonyesho ya filamu za hali halisi, au dokumentari kama wengi wanavyoziita, kwa vikundi vya wanawake, walimu na wanafunzi wa Kanda ya Ziwa. Kila tunapoonyesha filamu ya mapambano ya kisiasa au ya haki za binadamu, huwaomba watazamaji waangalie kwanza kamera imesimama wapi, imefikaje hapo na imekaa kwa muda gani. Nikitazama filamu za aina hii zilizoongozwa na wanawake, naona ubora wa nyingi umetokana na hilo kuliko jambo jingine lolote. Sidai kwamba mwanamke amezaliwa na jicho la pekee. Ninachokiona ni kwamba ameingia, na akaruhusiwa kubaki, mahali ambapo mwanahabari mwenye haraka hakuona haja ya kuingia: jikoni, uani, wodini, sokoni baada ya wanunuzi kuondoka.

Chukua Pray the Devil Back to Hell ya mwaka 2008, iliyoongozwa na Gini Reticker na kutayarishwa na Abigail Disney, wote wawili Wamarekani. Inasimulia jinsi wanawake wa Liberia, Wakristo na Waislamu pamoja, walivyojikusanya mwaka 2003 wakiongozwa na Leymah Gbowee kudai vita vikome. Walivaa nguo nyeupe, wakaketi kwenye uwanja wa soko la samaki mjini Monrovia, kando ya barabara uliyopita msafara wa Rais Charles Taylor, wakarudi hapo siku baada ya siku, jua liwake au mvua inyeshe. Mtu wa Mwaloni Kirumba, soko la samaki la hapa Mwanza, hahitaji kuelezwa kwa nini soko la samaki: hapo ndipo wanawake walipo kwa wingi tangu alfajiri, na ndipo habari inapofika kabla ya redio. Shida ya watayarishaji ilikuwa picha. Wapiga picha wa kigeni hawakukosekana Liberia wakati wa vita, ila kamera zao ziliwafuata vijana wenye bunduki, na wanawake waliokaa kimya juani hawakuhesabiwa kuwa habari. Ilibidi vitafutwe vipande vya video huku na huko, na pale ambapo picha hazikupatikana, wanawake wenyewe wakaketi mbele ya kamera na kusimulia. Kwa hiyo mtazamaji akiona filamu ina nyuso nyingi zinazozungumza na matukio machache, asidhani mwongozaji alishindwa kazi, kwani upungufu huo wenyewe unaonyesha nani alionwa na nani hakuonwa.

Katika filamu hiyo kuna sehemu ambayo hapa kwetu haihitaji mkalimani. Mazungumzo ya amani yalikuwa yakifanyika Accra, Ghana, na yalipozorota mwezi Julai wanawake waliketi kwenye ujia wa ukumbi, wakashikana mikono, wakatangaza kwamba hakuna mjumbe atakayetoka mpaka kieleweke. Walinzi walipokuja kumkamata Gbowee, alitishia kuvua nguo na akaanza kuzivua. Tulipoionyesha filamu hiyo wilayani Magu, bibi mmoja wa mstari wa mbele alijifunika uso kwa khanga kabla mtafsiri hajafungua kinywa. Mama mtu mzima akikuvulia nguo kwa hasira amekulaani, na hilo linajulikana Liberia kama linavyojulikana Usukumani. Akina mama wa wafungwa wa kisiasa wa Kenya walifanya hivyohivyo mwaka 1992 katika bustani ya Uhuru, Nairobi, polisi walipowavamia wakiwa na Wangari Maathai, tukio linalosimuliwa katika Taking Root ya mwaka 2008, iliyoongozwa na Lisa Merton pamoja na Alan Dater. Taylor aliachia madaraka tarehe 11 Agosti 2003, mkataba wa amani ukatiwa saini wiki iliyofuata, na mwaka 2011 Gbowee akashiriki tuzo ya Nobel ya Amani na Ellen Johnson Sirleaf na Tawakkol Karman.

Kwa watu wa Geita na Nyamongo, wanaoujua mgodi kwa vumbi lake, napendekeza filamu ya zamani zaidi, Harlan County, USA ya Barbara Kopple, ya mwaka 1976, iliyopata tuzo ya Oscar mwaka uliofuata. Wachimbaji wa makaa ya mawe wa Kentucky, Marekani, waligoma mwaka 1973, na mgomo ukachukua zaidi ya mwaka mmoja. Kopple aliishi karibu na familia zao, akasimama nao barabarani kabla ya mapambazuko wakati walinzi wa kampuni wakija na silaha, na yeye na wenzake walipigwa wakiwa kazini. Zipo nyakati walizoendelea kushika kamera hata mkanda ulipokwisha, kwa kuwa waliona kamera ikiwapo vurugu hupungua. Wanaoibeba filamu hiyo ni wake za wachimbaji. Ndio wanaopanga zamu za kuziba barabara, ndio wanaogombana wao kwa wao na kupatana, na mmoja wao anachomoa bastola kifuani. Mwandishi aliyefika kwa siku mbili angeondoka na picha ya wanaume wenye mabango.

Safi Faye wa Senegal hakwenda mbali namna hiyo. Alirudi kijijini kwao. Kaddu Beykat yake ya mwaka 1975, inayochanganya kisa cha kubuni na maisha halisi, inawapa wakulima wa karanga nafasi ya kuzungumzia zao la biashara, bei na madeni, na ilipigwa marufuku nchini mwake. Mkulima wa pamba ambaye wazazi wake walimsimulia juu ya mizani ya wanunuzi iliyopunja, hadi wakulima wakaungana na Paul Bomani kuanzisha shirikisho la vyama vya ushirika vya Victoria mwaka 1955, ataielewa bila maelezo marefu. Siasa huanzia kwenye mizani mapema sana kuliko inavyoanzia bungeni.

Karibu zaidi na sisi ni Mugumu, wilayani Serengeti, mkoa wa Mara. Hapo ndipo mwandishi wa habari wa Kanada, Giselle Portenier, alipotengeneza In the Name of Your Daughter ya mwaka 2018, kuhusu wasichana wanaokimbia nyumbani likizo ya Desemba, msimu wa ukeketaji, na kukimbilia nyumba salama iliyosimamiwa na Rhobi Samwelly, ambaye mwenyewe alikeketwa akiwa msichana na nusura apoteze maisha. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 imeharamisha kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18, lakini sheria hiyo haimfungulii mlango msichana anayekimbia gizani, na filamu inashughulika na masafa yaliyopo kati ya karatasi na mlango. Sehemu zilizo nzito kuliko zote hazina ngariba wala wembe. Ni zile za wazazi walioitwa kuzungumza, baba akiwaza ng'ombe wa mahari, mama akimtazama binti yake kama mtu aliyemkosea, na msichana akipima kama neno la baba linaaminika vya kutosha kurudi nalo nyumbani. Wapo wanaorudi na wapo wanaokataa. Kamera haiwaharakishi, na haimgeuzi mzazi yeyote kuwa mnyama.

Hata hivyo nina wasiwasi mmoja na filamu hiyo, nao sijaumaliza. Nyuso za baadhi ya wasichana zinaonekana wazi, na msichana wa miaka 12 anaweza leo kukubali kwa moyo wote jambo ambalo akiwa na miaka 25, akiwa na mume, wakwe na majirani, asingelitaka. Kwa upande mwingine, uso uliofunikwa unaweza kubeba ujumbe kwamba aibu ni ya aliyetendewa. Nisha Pahuja alikabiliwa na mzani huohuo alipotengeneza To Kill a Tiger ya mwaka 2022 huko Jharkhand, India, kuhusu baba mkulima anayemtetea mahakamani binti yake wa miaka 13 aliyebakwa na kundi la wanaume. Alifikiria kumficha, akasubiri, na binti alipotimiza miaka 18 alionyeshwa filamu, ndipo akaamua mwenyewe kwamba uso wake uonekane. Kusubiri huko kuna gharama yake, na mfadhili hupenda filamu imalizike mapema. Hata hivyo ndiyo njia iliyo karibu zaidi na haki kati ya zote nilizoziona.

Vikundi vinavyotaka kurekodi kwa simu visa vya ukatili katika kata zao huniuliza kuhusu sheria, nami huwajibu kwa ufupi. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 inataka kibali cha kupiga filamu, na filamu ikaguliwe na Bodi ya Filamu kabla ya kuonyeshwa hadharani. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inatanguliza maslahi ya mtoto, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inahusu ridhaa ya mtu juu ya taarifa zake. Ridhaa iandikwe kwa lugha anayoisoma, au asomewe mbele ya mtu anayemwamini, na aelezwe kwamba anaweza kubadili mawazo. Lango la nyumba salama na kibao cha barabara inayoelekea huko visionekane kamwe.

Judy Kibinge wa Kenya yeye alifika baada ya kila kitu kuisha. Scarred ya mwaka 2015 inahusu mauaji ya Wagalla, Wajir, ya Februari 1984, ambapo vikosi vya usalama viliwakusanya wanaume kwenye kiwanja cha ndege na kuwaweka juani siku kadhaa bila chakula wala maji. Miaka 30 na ushee baadaye kilichobaki ni uwanja mtupu, makovu kwenye miili ya manusura na wajane wenye kumbukumbu, naye anaiacha kamera mbele ya mtu hata baada ya sentensi yake kuisha.

Ukimya wa namna hiyo ndio unaopotea kwanza filamu inapofika kwenye vibanda umiza vyetu, yaani vibanda vya mtaani vya kuonyesha video, ambako msimulizi hodari hujaza kila sekunde kwa sauti yake. Kwa filamu ya mapigano sina neno, na nimecheka sana humo. Kwa filamu ya manusura tunamtaka mtafsiri asome tafsiri polepole, asiige kilio, na asiongeze maoni yake, naye akimaliza sauti ya mzungumzaji isikike hata kama hakuna anayeijua lugha hiyo.

Katika onyesho la filamu ya Pahuja tulilofanya Igoma, mchuuzi wa dagaa aliyekuwa amesimama mlangoni na ndoo yake alinyoosha mkono kabla taa hazijawashwa. Hakuuliza juu ya hukumu. "Huyo binti," alisema, "anajua kwamba na sisi wa huku tumemtazama?" Sikuwa na jibu, nikaliandika swali lake nyuma ya orodha ya mahudhurio. Sasa limo kwenye fomu tunayomtumia kila mwenye filamu kabla ya kuiomba, likiwa la kwanza, juu ya swali la ada.