Windows imepigwa upya na kirusi kimerudi: chunguza diski D

Katika kitengo chetu cha TEHAMA hapa Mbeya, kompyuta zinazotusumbua zaidi kwa virusi ni zile zilizotoka kwa fundi juzi. Mtu amelipa, Windows imepigwa upya, mashine imerudi nyepesi kabisa. Kabla wiki haijaisha, mambo ni yaleyale: antivairasi imezimika yenyewe, programu nyingine hazifunguki, flashi kila ikichomekwa inatoka na vitu visivyoeleweka. Mwenye mashine anamlaumu fundi, fundi anazilaumu flashi za mwenye mashine. Mara nyingi wote wawili wanakosea. Kirusi hakikutoka nje. Kilikuwa humohumo kwenye diski D, ndani ya folda ya programu za kusakinisha, na kiliamka pale fundi alipobofya faili la printa.

Hii ndiyo tabia ya virusi vinavyoambukiza mafaili. Siku hizi habari za programu zinazofunga mafaili na kudai fidia zimevifunika, hata watu wanaviona vya kizamani. Umri vinao kweli: Sality ilijulikana mwaka 2003, Virut mwaka 2006, Ramnit mwaka 2010. Lakini kompyuta zetu nazo zina umri. Ukizunguka steshenari za Mwanjelwa au Uyole hukosi mashine yenye Windows 7, ambayo Microsoft iliacha kuihudumia Januari 14, 2020. Kwenye mashine kama hizo kirusi cha miaka ishirini iliyopita bado kiko nyumbani.

Kinavyoingia ndani ya faili

Faili la programu, lile ambalo jina lake huishia na .exe, huanza na herufi mbili, MZ. Kwa Windows hiyo ni ishara kwamba hiki ni kitu cha kuendeshwa. Baada ya hapo kuna sehemu ya maelezo, na miongoni mwa maelezo hayo kuna anwani inayoonyesha amri ya kwanza iko wapi. Kirusi hubandika amri zake, kwa kawaida mwishoni mwa faili, kisha hubadilisha ile anwani ielekeze kwake. Ukibofya programu, amri za kirusi zinasomwa kwanza. Zikimaliza, na huchukua muda ambao jicho haliwezi kuuona, zinaipisha programu yenyewe, nayo inafunguka kama kawaida.

Hapo ndipo wengi wanapopotea. Wanategemea kwamba programu yenye kirusi itaharibika, kwa hiyo ikifanya kazi vizuri wanasema ni nzima. Aliyetengeneza kirusi anataka programu hiyo iendelee kufanya kazi na ubofye kila siku, maana kila ukibofya unamfanyia kazi yake.

Si vyote vinavyokaa mwishoni. Neshta hujiweka mbele ya faili, na faili lililoambukizwa huongezeka baiti 41,472. Kirusi CIH, kilichotokea mwaka 1998 na kuandikwa na kijana wa Taiwan, Chen Ing-hau, kilijigawa vipande vipande na kujificha kwenye nafasi tupu zilizomo ndani ya faili, hivyo ukubwa wa faili haukubadilika hata kidogo. Kililipuka Aprili 26, 1999, kikafuta mwanzo wa diski, na kwenye baadhi ya mashine kikaharibu hata BIOS, ile programu ya kuiwasha kompyuta iliyo kwenye ubao mama. (Tarehe hiyo kwetu ni Sikukuu ya Muungano, ofisi zimefungwa. Wakati mwingine sikukuu nayo ni kinga.)

Kuna pia vinavyoharibu kwa uzembe wa aliyeviandika. Kirusi cha Jerusalem cha mwaka 1987 kiliambukiza faili lilelile la .exe tena na tena hadi likawa kubwa kupita uwezo wa kumbukumbu. Virut nayo ina sifa ya kuingia vibaya kwenye mafaili mengine, kiasi kwamba hata ukiiondoa faili halirudi kuwa lilivyokuwa. Ndiyo maana fundi mwaminifu hatakuahidi kwamba kila programu itapona.

Kikishaamka

Amri za kirusi zikisomwa mara moja, hazibaki ndani ya programu ile uliyobofya. Hujipandikiza kwenye shughuli nyingine zinazoendelea ndani ya Windows na kukaa kwenye kumbukumbu hadi mashine izimwe. Kuanzia hapo kirusi kinatafuta mafaili. Sality huanza na programu zinazojiwasha zenyewe Windows inapowaka na zile unazozifungua mara kwa mara, kwa sababu hizo zinakihakikishia kurudi kesho. Kisha hupita diski moja baada ya nyingine: C, D, flashi iliyochomekwa, hata folda ya pamoja kwenye mtandao wa ofisi. Huyaruka mafaili ambayo Windows yenyewe inayalinda, kwa kuwa kuyagusa kungeamsha kelele.

Sality pia hujilinda kwa namna ambayo mtumiaji anaweza kuiona bila chombo chochote. Ukibonyeza Ctrl, Alt na Delete ili ufungue Task Manager, dirisha linaloonyesha programu zinazoendelea, unaambiwa msimamizi ameizuia, na msimamizi ni wewe mwenyewe. Ukitaka kufungua rejista ya Windows, ghala la mipangilio yake, hivyo hivyo. Ukiweka alama ya kuonyesha mafaili yaliyofichwa, alama inajiondoa. Tovuti za kampuni za antivairasi hazifunguki ilhali nyingine zote zinafunguka, na mtu anadhani bando limeisha. Kubwa kuliko yote, Sality hufuta ndani ya rejista mipangilio ya Safe Mode, yaani kuiwasha Windows na vitu vya lazima tu, ile njia ambayo mafundi wengi huikimbilia. Fundi anawasha mashine kwa njia hiyo, inakufa kwenye skrini ya bluu, naye anahitimisha kwamba diski imekufa. Tumeona diski nzima zikibadilishwa kwa sababu hiyo.

Kwa nini antivairasi nyingine hazikioni? Kwa sababu Sality na Virut hubadilisha sura kila vinapoingia kwenye faili jipya. Mwili wa kirusi hufungwa kwa ufunguo tofauti kila mara, kwa hiyo mafaili mawili yenye kirusi kimoja hayafanani yakilinganishwa baiti kwa baiti. Antivairasi inayotegemea orodha ya sura za zamani, tena isiyosasishwa tangu iliponunuliwa, haina kitu cha kushika.

Ramnit ina alama yake: ukifungua programu iliyoambukizwa, faili la pili huweza kutokea pembeni yake lenye jina lilelile na Srv mwishoni, kwa mfano Setup.exe na SetupSrv.exe. Huingia pia kwenye kurasa za HTML zilizohifadhiwa kwenye kompyuta, na huiba nywila na taarifa za benki. Februari 2015 Europol, shirika la polisi la Umoja wa Ulaya, pamoja na Microsoft na kampuni nyingine, waliuvunja mtandao wake uliokuwa umeshika kompyuta milioni 3.2. Kuvunja mtandao kuliwakata wahalifu na mashine hizo. Hakukuyasafisha mafaili, na faili lililonakiliwa kwenye flashi mwaka ule bado linaambukiza leo.

Nitenganishe jambo moja linalochanganywa sana mitaani. Flashi ambayo folda zake zote zimegeuka shotikati, kwa kawaida imepata mnyoo. Mnyoo ni programu kamili inayojitegemea: umeficha folda zako na kuweka shotikati zinazouwasha ukizibofya. Ukiufuta na kuzifichua folda, kazi imekwisha. Kirusi cha mafaili hakina faili moja ambalo ukilifuta kimekwisha, kwa sababu kimo ndani ya mamia ya mafaili yako. Na viwili hivi huweza kukutana, hata mnyoo wenyewe ukaambukizwa kirusi na kukibeba unakokwenda.

Mafundi na folda ya Setup

Sasa turudi kwenye diski D. Mazoea ya kazi hapa kwetu ni kugawa diski mara mbili: C ya Windows, D ya kazi na programu. Mashine ikiugua, fundi anafomati C tu. Mteja hataki picha na ripoti zake zipotee, na fundi hataki kumaliza bando lake kupakua Office, printa na vicheza video upya, maana vyote viko D. Kirusi kilishapita D na kuviambukiza vyote. Windows mpya inawekwa, folda ya Setup inafunguliwa, printa inasakinishwa, na hapo hapo C imeugua. Mkulima wa Nyanda za Juu Kusini hahitaji kuelezwa sana: huwezi kununua gunia jipya ukamimina humo mahindi yaleyale yenye dumuzi.

Flashi ya fundi ni hatari zaidi kuliko ya mteja, kwa kuwa inatembea. Asubuhi iko Kabwe, mchana iko kwenye ofisi ya kata, jioni kwenye maabara ya kompyuta ya sekondari, na kila mahali inabeba mafaili ya .exe, chakula chenyewe cha kirusi. Kwa maoni yangu fundi yeyote anayejiheshimu abebe vifaa vyake kwenye DVD, au kwenye flashi yenye swichi ya kuzuia kuandikwa. Flashi isiyoandikika haiambukizwi, hata ikichomekwa kwenye mashine chafu kiasi gani.

Kuna ishara moja nzuri ambayo mafundi huipuuza. Programu nyingi za usakinishaji hujikagua kabla ya kuanza. Zikikuta zimebadilika, hutoa ujumbe kwamba faili limeharibika na lipakuliwe upya. Faili moja likisema hivyo, huenda upakuaji ulikatika. Yakisema hivyo matatu yaliyokuwa yakifanya kazi mwezi uliopita, acha kubofya. Njia nyingine ni kubofya faili kwa kitufe cha kulia, kufungua sifa zake na kutazama saini ya kidijitali. Programu nyingi za kampuni kubwa zina saini, na faili likiguswa hata baiti moja tu baada ya kusainiwa, Windows inasema saini si halali.

Kusafisha

Usianze kwa kuchomeka flashi ili uokoe kazi. Kwanza chomoa waya wa mtandao au zima Wi-Fi. Kama ni ofisi yenye folda ya pamoja, tenganisha kompyuta zote kwa wakati mmoja. Kusafisha moja huku nyingine zikiendelea kuandika kwenye folda hiyo ni kujitwisha kazi isiyoisha.

Ukaguzi ufanyike kutoka nje ya Windows iliyoambukizwa, kwa sababu ndani yake kirusi kinaamka kabla yako. Windows 10 na Windows 11 zina ukaguzi wa Microsoft Defender unaofanyika kabla Windows haijawaka. Zipo pia diski za uokoaji za bure, mradi uziandae kwenye mashine nzima. Hapa mafundi wengine hujikwaa: faili la masasisho ya antivairasi ambalo mtu analipakua mjini ili apeleke Chunya au Rungwe kwenye mtandao hafifu nalo ni .exe. Likinakiliwa kwenye mashine yenye kirusi kilichokwisha amka, linaweza kuambukizwa kabla hujalibofya.

Tazama pia antivairasi inapendekeza nini. Kufuta mafaili yote mia nne yaliyokutwa na kirusi kutakuachia Windows isiyowaka. Kwa Neshta hali ni mbaya zaidi: huweka faili liitwalo svchost.com kwenye folda ya Windows na kubadilisha rejista ili kila programu ya .exe ipitie hapo kwanza. Likifutwa bila rejista kurekebishwa, hakuna programu itakayofunguka, hata ile uliyoileta kuokoa jahazi.

Kwa mashine iliyoathirika sana, ushauri wetu ni kuokoa nyaraka tu na kufuta diski yote, D ikiwemo. Chukua mafaili ya .docx, .xlsx, .pdf, picha na sauti. Acha kila kitu cha .exe, .scr, .dll, .com na .pif, na kurasa za HTML pia. Kabla ya hapo iambie Windows ionyeshe viishio vya majina, maana kiishio kikifichwa, faili la .exe lenye alama ya Word linafanana kabisa na barua. Nyaraka za Word na Excel zenye makro, yaani amri zinazojiendesha ndani ya waraka, zikague peke yake. Programu zote zipakuliwe upya kutoka kwa watengenezaji wake, na nywila zibadilishwe ukiwa kwenye kifaa kingine.

Karani wa AMCOS, ushirika wa wakulima wa kahawa, kule Mbozi, au mwenye steshenari anayepokea flashi za wanafunzi kutwa nzima msimu wa maombi ya mikopo, hana muda wa yote haya kila wiki. Kwake yeye hatua inayolipa zaidi ni kufanya kazi za kila siku kwenye akaunti ya kawaida badala ya ile ya msimamizi. Kwa akaunti hiyo kirusi hakiwezi kuandika kwenye folda ambamo programu zimesakinishwa. Bado kinaweza kuandika D na kwenye flashi, kwa hiyo asiweke programu za kusakinisha huko. Na kreki, kile kifaa cha kuvunja leseni ya programu, inayomtaka azime antivairasi kwanza asiiguse. LibreOffice ni ya bure na inafungua nyaraka za Word. Ofisi iliyoambukizwa inaweza pia kutoa taarifa TZ-CERT, kitengo cha kushughulikia matukio ya mtandao kilicho chini ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Inasaidia kama sampuli mbili tatu za mafaili yaliyoambukizwa zitahifadhiwa kabla diski haijafutwa, zikiwa ndani ya faili la .zip lenye nywila.